Hatha yoga kwa anayeanza na mwili mgumu: nianzie wapi, na faida zipi ni za kweli?

Kiti_Mchana_Kutwa:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua yoga kwa undani, siyo wa "jaribu tu utaipenda".

Umri 43, kazi ya kukaa mezani, mgongo wa chini unakaza kila ikifika jioni, na nikiinama vidole vinaishia katikati ya muundi. Presha ilipopimwa mara ya mwisho ilisoma 138/88, bado sijaanzishiwa dawa. Nimeshauriwa nianze na hatha kwa kuwa ni ya taratibu.

Hatha inatofautiana vipi na hizo nyingine? Kipindi cha kwanza kinapangwaje: mkao upi unatangulia, mtu anakaa muda gani, anapumua vipi? Vifaa vipi ni vya lazima? Na katika faida zinazotangazwa (mgongo, presha, usingizi, kupungua uzito, "kutoa sumu mwilini") zipi za kuaminika? Asanteni.

---

Pumzi_Kwanza:

Karibu mkuu. Nitachukua maswali matatu ya kwanza, la faida nawaachia wengine.

Hatha ni yoga inayofanya kazi kupitia mwili: mikao, pumzi, na kulegea. Madarasani siku hizi ukiambiwa "hatha" maana yake unaingia kwenye mkao, unatulia humo kwa pumzi kadhaa, unatoka, unapumzika, ndipo unaingia mwingine. Vinyasa na ashtanga, mitindo mingine ya yoga, huunganisha mikao mfululizo, kila mwendo na pumzi yake, kwa hiyo mgeni hapati nafasi ya kujikagua. Kwa historia fupi: Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha India cha karne ya 15 kilichoandikwa na Svatmarama, kinaeleza mikao 15 tu, mingi ya kukaa, na nafasi kubwa inabaki kwa pumzi. Mikao ya kusimama tunayoiona leo ilienea zaidi karne ya 20, hasa kupitia mwalimu Krishnamacharya, aliyefundisha mji wa Mysore huko India miaka ya 1930, na wanafunzi wake. Nayasema haya kwa sababu wageni wengi hudhani yoga ni shindano la kujikunja. Kipimo ni pumzi. Ikikatika au ikianza kukwaruza kooni, umeingia ndani kupita uwezo wako, hata kama kwenye kioo unapendeza.

Vifaa. Mkeka usioteleza wa urefu wa sentimita 173 hadi 180, upana kama 60, unene milimita 4 hadi 6. Usidanganyike na ile minene ya milimita 10 au 15 kwa mikao ya kusimama: mguu unazama, kifundo kinayumba, na kiganja kikizama kifundo cha mkono kinapinda zaidi ya inavyotakiwa. Ongeza mablanketi mawili ya kukunja, mkanda mrefu (wa suruali unatosha), kiti kisicho na magurudumu, na vitabu viwili vinene kama huna matofali ya yoga. Peku, maana soksi zinateleza. Mlo mzito upite saa tatu kabla ya kuanza.

Mpangilio wa dakika 40 kwa mwili kama ulioueleza:

Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni, kiganja kimoja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua hadi hesabu ya 4, toa kwa pua hadi hesabu ya 6. Tumbo ndilo linyanyuke, mabega yatulie. Dakika tatu. Usibane pumzi popote, si juu wala chini.

Piga magoti na viganja, mikono chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Ukivuta pumzi shusha tumbo na fungua kifua. Ukitoa, pindisha mgongo juu na uangalie kitovu. Mara nane. Mwendo uanzie kwenye mkia wa mgongo ndipo ufike shingoni, kwa sababu wengi hutikisa kichwa tu na mgongo wa chini ukabaki gogo.

Simama mkao wa mlima, pumzi tano. Nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, uzito ugawanyike sawa kati ya kisigino, mzizi wa kidole gumba na mzizi wa kidole kidogo. Kaa kitini mwaka mzima na utashangaa jinsi uzito ulivyohamia kwenye visigino.

Kuinama: hapa ndipo ningependa uwe makini kuliko kote. Usiinamie sakafu. Weka viganja ukutani kwenye kimo cha nyonga, rudi nyuma hatua kwa hatua huku ukisukuma makalio nyuma, mpaka kiwiliwili kilale sambamba na sakafu. Kunja magoti kiasi, sentimita tano hadi kumi, mpaka uhisi mgongo wa chini umenyooka. Masikio yawe usawa wa mikono. Pumzi tano, kisha tembea mbele kuelekea ukutani ukiinuka. Mkao huu unanyoosha nyuma ya mapaja kama kuinama kwa kawaida, lakini kichwa hakishuki chini ya moyo, jambo linalokufaa kwa presha hiyo.

Shujaa wa pili: panua miguu kama mita moja, mguu wa mbele uangalie mbele, kunja goti mpaka liwe juu ya kifundo cha mguu, lisiangukie ndani upande wa kidole gumba. Pumzi tano kila upande. Kisha mti, karibu na ukuta: unyayo kwenye muundi au ndani ya paja, kamwe siyo ubavuni mwa goti.

Lala kifudifudi kwa mkao wa nyoka. Viganja kando ya mbavu, bonyeza sehemu ya juu ya nyayo na mapaja sakafuni, inua kifua sentimita 10 tu. Ondoa viganja sakafuni kwa sekunde moja. Kifua kikianguka, ujue mikono ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Pumzi tatu, mara tatu. Halafu mkao wa mtoto dakika moja, blanketi kati ya makalio na visigino kama hayafikiani, paji la uso juu ya mto.

Daraja (chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni, inua makalio), pumzi tano, mara mbili. Kujisokota ukiwa umelala chali, dakika moja kila upande, blanketi chini ya magoti. Malizia na mkao wa maiti, dakika tano hadi saba, chali, blanketi lililoviringishwa chini ya magoti ili mgongo wa chini ulale. Usiuruke. Watu huondoka mapema hapo kwa kuwa "hakuna kinachofanyika".

---

Fundi_wa_Viungo:

Mpangilio ni mzuri, nina marekebisho moja na tahadhari kadhaa.

Marekebisho: hesabu ya 4 kwa 6 ni ndefu kwa wageni wengi. Mtu akilazimisha, anajisikia kukosa hewa, anameza pumzi kubwa, mabega yanapanda, na mapigo yanaongezeka badala ya kushuka. Anza na 3 kwa 4. Ongeza hesabu moja ya kutoa pumzi pale tu inapokuwa rahisi kiasi kwamba umesahau unahesabu.

Sasa yanayoharibika. Kuinama mbele kwanza, kwa kuwa ndiko anakoumizwa mtu wa kitini. Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza kwenye mfupa wa kukalia. Ikikaza, nyonga hushindwa kuviringika mbele, na mwili ukilazimishwa kushuka unatafuta nafasi kwenye pingili za kiunoni. Mgongo unakunjika kama nundu, diski (zile pedi laini kati ya pingili) zinabanwa upande wa mbele na kusukumwa nyuma. Ndiyo maana ukikunja magoti unaokoa mgongo: umelegeza misuli, nyonga inaviringika, mgongo unabaki mrefu. Goti lililokunjwa hapo siyo udhaifu, ni ufundi.

Goti kwenye kukaa kwa kukunja miguu. Mzunguko wa kuufungua mguu unatakiwa utoke kwenye nyonga. Nyonga ikigoma, goti linasokotwa, na goti limeumbwa zaidi kukunja na kukunjua. Keti juu ya mablanketi yaliyokunjwa, sentimita 10 hadi 15, mpaka magoti yawe chini ya nyonga. Bado yanaelea juu? Keti kitini. Mkao wa yungiyungi, miguu yote miwili juu ya mapaja, usiuguse kwa sasa, na wengi wetu hatuuhitaji maisha yote.

Vifundo vya mikono vikiuma ukiwa umepiga magoti, kunja ukingo wa mkeka mara mbili uweke chini ya kisigino cha kiganja tu, vidole vibaki chini. Pembe inapungua. Bonyeza mizizi ya vidole, hasa cha shahada, uzito usirundikane kwenye kifundo.

Kusimama kwa kichwa, kusimama kwa mabega na mkao wa jembe (miguu nyuma ya kichwa) viache nje ya mwaka wa kwanza. Shingo haijazoea kubeba kiwiliwili, na madarasa mengine yanaviingiza mapema kwa sababu vinavutia kwenye picha.

Jinsi ya kutofautisha maumivu: mvutano mpana, katikati ya nyama ya msuli, unaopungua ukitoa pumzi, ni wa kawaida. Maumivu ya sindano karibu na kiungo au mfupa, ganzi, au umeme unaoteremka mguuni: toka mara moja, taratibu, na usirudie mkao huo mpaka uonwe na mtaalamu.

Nani asiingie bila kuongea na daktari wake: mwenye glakoma (kichwa chini kunapandisha presha ya jicho), mwenye mifupa iliyodhoofika (kukunja mgongo mbele kwa nguvu kunaweza kuvunja pingili), mwenye diski iliyotoka, mjamzito (kulala kifudifudi, kujisokota kwa kubana tumbo, na kulala chali muda mrefu miezi ya mwisho viachwe), na mwenye presha isiyodhibitiwa. Wewe uliyeanza mada: 138/88 haikuzuii kufanya mpangilio huo, ila mpelekee daktari hiyo namba hata hivyo.

Jambo dogo ambalo mara nyingi husahaulika: ukitoka kwenye mkao wa maiti, geukia ubavu, kaa nusu dakika, kisha simama. Presha hushuka ukilala na kulegea, ukisimama ghafla kichwa kinazunguka.

---

Niulize_Kidogo:

Samahani kuingilia. Mimi ni mtu wa dini, na nasikia mikao hii ni ibada. Mtu anaweza kufanya mazoezi tu?

---

Pumzi_Kwanza:

Swali halali, ndugu. Asili yake ni India na ndani ya mapokeo ya kidini ya huko, hilo halifichwi. Mpangilio nilioandika hapo juu hauna maneno ya kuimba, dua wala kuinamia kitu. Ni mikao na pumzi. Baadhi ya madarasa huanza na kumaliza kwa nyimbo au salamu za Kisanskriti, kwa hiyo uliza kabla ya kujiandikisha. Iwapo dhamiri bado inasumbua, muulize kiongozi wako wa dini. Mjadala huo tusiulete hapa, uzi utapotea.

---

Pima_Halafu_Sema:

Nichukue la faida, maana ndilo linalopotoshwa kuliko yote.

Mgongo: hapa yoga ina miguu ya kusimamia. Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani, American College of Physicians, unaitaja yoga kati ya tiba zisizo za dawa za kuanza nazo kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Ila msome vizuri: iko kwenye orodha moja na mazoezi ya kawaida, tai chi (mazoezi ya taratibu ya Kichina) na nyinginezo. Nafuu ni ya kiasi, na haionekani kuizidi sana mazoezi mengine yaliyopangwa vizuri. Uzuri wake ni kwamba watu huimudu na kuiendeleza.

Presha: tarajia namba kushuka kidogo tu, siyo miujiza. Kupumua polepole, karibu pumzi sita kwa dakika, huamsha mfumo wa neva unaotuliza mapigo ya moyo. Atakayepewa dawa asiziache kwa sababu ya mkeka. Pima nyumbani, umekaa dakika tano, mkono usawa wa moyo, saa zilezile kila siku, uandike. Kupima mara tu baada ya mkao wa maiti na kushangilia ni kujidanganya.

Usingizi na msongo: watu wengi hunufaika, na sababu inaeleweka kwa kutazama pumzi hiyohiyo. Usawa wa kusimama unaimarika pia, jambo la maana zaidi kadiri umri unavyosogea.

Unyumbufu: wiki za mwanzo utashangaa vidole vinashuka. Sehemu kubwa ya badiliko hilo ni neva kuzoea mvutano na kuacha kupiga king'ora mapema. Msuli wenyewe haujarefuka bado. Maana yake kivitendo: ukiacha wiki kadhaa, unarudi nyuma haraka, na siku ya kurudi usianzie ulipoishia.

Kupungua uzito: hatha ya taratibu hutumia nguvu kidogo, takriban mara mbili na nusu ya mtu aliyekaa kimya. Hiyo ni sawa na kutembea polepole. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani yanayopandisha mapigo, na hatha peke yake haijazi kapu hilo. Tembea kwa kasi siku nyingine. Na kuna pengo jingine lisilosemwa: yoga ina kusukuma kwingi, lakini karibu hakuna kuvuta. Mtu wa kitini mwenye mabega yaliyoporomoka mbele anahitaji kuvuta. Funga mkanda wa mpira kwenye kitasa imara, vuta viwiko nyuma mara 12, seti tatu, mara mbili kwa wiki.

"Kutoa sumu": hapana. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Kujisokota hakukamui chochote. Ukijisokota unapata mgongo wa juu unaozunguka vizuri, na hiyo ni faida inayojitosheleza, haihitaji kupambwa.

---

Kiti_Mchana_Kutwa:

Nimepata zaidi ya nilichoomba, shukrani. Matatu ya mwisho. Ule mkao maarufu wa mbwa, makalio juu, mbona haumo? Ni mara ngapi kwa wiki? Na kuna jirani yangu anafanya yoga ana maumivu chini ya kitako kabisa, pale anapokalia, yanazidi akikaa kitini muda mrefu. Anaambiwa ajinyooshe zaidi. Ni sahihi?

---

Fundi_wa_Viungo:

Naanza na jirani, kwa sababu ushauri aliopewa unaweza kumzidishia. Sijamgusa, kwa hiyo aonwe. Lakini maumivu mahali hapo hasa, kwa mtu anayejinyoosha sana nyuma ya mapaja, mara nyingi ni kano inayoshikiza msuli kwenye mfupa wa kukalia. Akiinama na magoti yamenyooka, kano inavutwa na papo hapo inabanwa kwenye mfupa. Kadiri anavyonyoosha, anaichokoza. Kinachosaidia ni kupunguza kuinama, kukunja magoti kila anapoinama, na kuizoesha kano mzigo polepole: mkao wa daraja, ashikilie sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano, maumivu yasipite 3 kati ya 10. Kano hupona kwa miezi, siyo wiki. Ikiwa kuna ganzi au maumivu yanateremka hadi chini ya goti, hilo ni suala la neva na njia yake ni nyingine.

---

Pumzi_Kwanza:

Mbwa hayumo kwa sababu mbili: kichwa kinashuka chini ya moyo, na kwa mtu mwenye nyuma ya mapaja ngumu mkao huo hugeuka kuwa ubao uliopinda, mabega yamebanwa masikioni, uzito wote mikononi. Mkao wa ukutani niliokupa ni mbwa yuleyule aliyegeuzwa pembe. Ukishaweza kukaa humo pumzi nane bila magoti kutetemeka, na presha imekwisha kuangaliwa, shusha mikono kwenye kiti cha kukalia kilichoegeshwa ukutani kisiteleze. Baadaye sana, sakafuni: viganja upana wa mabega, magoti yamekunjwa vizuri, peleka makalio juu na nyuma kwanza, ndipo uanze kunyoosha miguu, na usimame pale mgongo unapoanza kujikunja. Visigino si lazima viguse sakafu. Kuna ambao havitagusa kamwe kwa umbo la vifundo vyao, na hawapungukiwi kitu.

Mara ngapi: vipindi vinne vya dakika 20 kwa wiki vinazidi kimoja cha dakika 90. Siku ya dakika 20 chukua pumzi ya mwanzo, magoti na viganja, mkao wa ukutani, nyoka, daraja, na dakika nne za maiti. Asubuhi mwili ni mgumu zaidi, na diski zimejaa maji baada ya kulala, kwa hiyo asubuhi na mapema punguza kuinama; jioni baada ya kazi inakufaa zaidi kwa tatizo lako.

Kuhusu kuongeza: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ama pumzi kutoka tano hadi nane, ama mkao mmoja mpya, siyo vyote. Mgongo ukilalamika kesho yake utajua wa kulaumiwa ni nani.

---

Pima_Halafu_Sema:

Nyongeza moja tu kwa wa kitini: dakika 20 jioni hazifuti saa nane za kukaa. Kila baada ya nusu saa simama, weka viganja ukutani, fanya ule mkao wa nusu kuinama kwa pumzi tatu, kisha rudi. Hauhitaji mkeka wala kubadili nguo.